Panya Aliyelala Nyuma ya Mtungi

Kipungani nzima ilikuwa ikiningoja nilie.

Sisemi uongo. Najua nikisema hivyo watu wa kwetu hucheka kwanza ndipo wasikilize, lakini hili ni kweli. Mume wangu alizikwa kabla ya adhuhuri, na tangu alasiri ya siku hiyo wanawake wakawa wanaingia kwangu, wanakaa kwenye mkeka, wananitolea mato kama watu wanaongoja maji ya chai yachemke. Sikuchemka. Badala yake nikawahadithia siku ile marehemu alipokimbizwa na kaa kutoka ufuoni, kaa mkubwa kadiri ya sinia, mpaka mlango wa msikiti, na kaa kufika pale akasimama, akavua viatu vyake vyote vinane. Wakacheka. Halafu wakakumbuka wako matangani, wakajifunika midomo kwa mitandio, wakaniangalia kwa jicho jingine.

Mie ndani sikuwa na kitu. Haikuwa huzuni wala haikuwa furaha. Umeshaukalia mguu ukafa ganzi, ukaubonyeza ukaona kama wa mtu mwengine? Basi mimi si mguu, ni mzima. Nilitafuna pilipili nikidhani bamia. Nilishika sufuria jikoni, nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikageuka kutafuta ni nini, kumbe kidole changu. Maneno ya mzaha yalikuwa yakitoka tu yenyewe, kama maji kwenye mfereji uliosahauliwa kufungwa.

Aliyehangaika zaidi ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Wifi ni mkunga. Nusu ya Kipungani imepita mikononi mwake, na nusu iliyobaki wanasingizia kuwa walipita pia, maana ni sifa. Mtoto akitoka wa buluu, hana sauti, kalegea kama ngisi, wifi humsugua mgongo, humpulizia, humweka kifuani kwake, humwita, na yule mtoto hurudi. Nimemwona kwa mato yangu. Wapo wanaume wenye ndevu leo wanaokwenda Kiunga kuvua kamba ambao bila wifi wangekuwa udongo tangu siku ya kwanza.

Ndugu yake hakurudi. Alitoka msikitini alfajiri, akakaa kitandani, akasema kifua kinambana, akajilaza ubavu. Wifi alikuja mbio akamfungua vifungo vya shati, akamsugua kwa mafuta ya simsim kifua na nyayo, akamwita kwa jina lake la utotoni. Akasugua. Jua likapanda, mwili ukapoa, yeye akasugua. Wanaume waliokuja kumwosha walikaa barazani wakinong'ona, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Mwisho imamu mwenyewe alipiga hodi.

Basi ilipoanza eda yangu, wifi akahamia kwangu. Mwenye eda kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hana manukato, hana wanja, hana dhahabu, hatoki ila kwa dharura. Wifi alisema amekuja kunilinda. Kazi aliyoifanya ni kunikanda. Asubuhi miguu, alasiri mgongo, akisema nimepoa, damu yangu imesimama, lazima nipashwe moto. Alinikanda mpaka ngozi ikang'aa kama ya samaki, nzi akitua anateleza. Nilimwacha. Ulikuwa mwili uliolazwa pale, na mimi nilikuwa nimekaa kando nikimwangalia anavyoukanda.

Ilikuwa kipupwe. Baridi yetu sisi mtu wa bara huivulia shati, lakini Kipungani huvaa sweta hata kuku. Makuti ya jikoni yalikuwa yameoza, na mume wangu alikuwa ameshaagiza mapya kabla hajafa, kwa hivyo mafundi wakaja, nami nikajifungia chumbani wafanye kazi, nikichungulia kwenye upenyo wa mlango. Walipong'oa kona ya juu, kikaanguka kitu kama mpira wa majani na nyuzi za makumbi. Fundi akaupasua kwa kidole. Ndani mna panya, kadiri ya ndimu, amejikunja, mkia wake wa manyoya umemfunika uso. Fundi akauinua ule mkia nikamwona: si panya huyu wa dukani. Ni yule panya wa miti, wa kijivu, mashavu meupe, mkia kama wa kuchakuro, na mato yake yamezungushiwa weusi kama aliyejipaka wanja. Niliwaza: mie nimekatazwa, yeye kajipaka mpaka pembeni.

Fundi alisema kafa, apewe paka. Hapo ndipo alipotoka mbio msichana aliyepanga chumba changu cha mbele. Ni msichana wa bara, Mkristo, mpole, ana miwani, na alikuwa akisomea vinyama vidogo chuo kikuu. Mie nilidhani watu husomea udaktari na uwakili, kumbe panya naye ana chuo chake. Alimpokonya fundi ule mpira kama anayepokonya mtoto kisimani, akasema hajafa, akauliza ndani ya nyumba hii mahali pa baridi kabisa ni wapi.

Nikamwambia kwa jirani kuna friji. Akacheka, akasema friji ni baridi ya kuua, anataka baridi ya kawaida isiyobadilika. Basi, nikasema, ni nyuma ya mtungi wa maji, kwenye pembe isiyofikiwa na jua. Akamweka pale ndani ya mkebe wa biskuti uliotobolewa, pamoja na kiota chake, na chini ya tumbo akapitisha waya mwembamba kama uzi. Waya ule unatoka kwenye kidude chenye kioo kinachoonyesha namba. Kusoma sikwenda, shule niliipita ndiani nikaitolea salamu, lakini namba simu ilinifundisha. Akatundika ukutani na kidude kingine cha kupima hewa ya chumba. Namba zilikuwa karibu sawa. Panya na ukuta, moto mmoja.

Akanieleza, naye akieleza husogea mbele kama mtu anayesengenya. Alisema mwenye mwili mdogo ana shida. Chai ya kikombe cha kahawa hupoa kabla hujasema bismillahi, na ya sufuria la arusi hukaa moto hata asubuhi. Mwili nao ni hivyo hivyo. Ndovu ni sufuria, panya ni kikombe, joto linamtoka upesi. Akitaka kukaa moto wakati wote ni lazima ale bila kupumzika. Baridi ikija na wadudu na matunda yakiadimika, atapata wapi? Basi anaupunguza moto wake mwenyewe, kwa makusudi, kama upunguzavyo utambi wa kandili usiishe mafuta. Hafi, na wala halali kama tulalavyo. Moyo uliokuwa ukienda kama cherehani unapiga moja, unakwenda sokoni, unarudi, unapiga ya pili. Pumzi anavuta, anaiacha, mpaka umekata tamaa ndipo anavuta nyengine. Na mafuta kidogo aliyonayo mwilini yanamfikisha mbali.

Nikauliza akiamka itakuwaje. Akasema hapo ndipo penye gharama. Nyuma ya shingo, katikati ya mabega, ana mafuta ya namna yake, kazi yake ni kuwaka tu. Akitaka kuamka huyawasha, akatetemeka, kifua kikapata moto kwanza, miguu ya nyuma mwisho. Kuamka mara moja kunakula akiba ambayo ingemlaza siku nyingi. Akiamka mwenyewe, jioni, kwa saa yake, atatafuta chakula ale. Akiamshwa kwa kushikwashikwa huingiwa na hofu, hali, huzunguka akitafuta pa kujificha, halafu anapoa tena akiwa amepungua. Alikuwa naye mmoja huko bara, akasafiri siku moja, watu wakawa wanamwamsha kila saa kuonyeshana. Aliporudi alimkuta amekauka, kando yake kipande cha ndizi hakijaguswa. Na huyu wetu, akasema, ni mwembamba tangu sasa. Hana akiba ya kuchezewa.

Alichotaka yeye ni kumwona mmoja tu akiamka mwenyewe, namba zikipanda bila mkono wa mtu. Masomo yake yote yalikuwa yamesimama hapo. Lakini mitego yake mingine ilikuwa Pate, na mashua ya kwenda Mtangawanda, bandari ya huko Pate, ilikuwa inaondoka asubuhi ile ile. Panya kwenye boti ya mashine, ile mirusho, angeamka kabla hawajafika Lamu mui, mji wenyewe. Akasimama mbele yangu na mkoba mgongoni.

"Mama, usimguse," akasema. "Hata akionekana amekufa kabisa. Hasa akionekana amekufa."

Nikamwambia mwanangu, nimekatazwa kutoka mlangoni kwangu, utampata wapi mlinzi kama mie. Nenda.

Sikumwambia kuwa ndani ya nyumba mna mkunga.

Wifi alirudi kutoka kuzalisha, akaona mkebe, akauliza. Nikamweleza yote, kikombe na sufuria na kandili, na nikaongeza kidogo, nikasema panya huyu akilala hulala miaka saba na akiamka hukuta wajukuu wake wameshakuwa maimamu. Hakucheka. Alichungulia ndani ya mkebe muda mrefu, kichwa kimeinama upande, vile anavyomsikiliza mja mzito. Kwa wifi kitu cha baridi kina maana mbili tu: kimekufa, au kinakufa na hakuna aliyeharakisha.

Nikasimama kuswali alasiri. Nilipotoa salamu ya kushoto nikamwona wifi amekaa ukutani, mkono mmoja umeingia kifuani ndani ya kanzu, mato amefumba, anatikisa magoti polepole. Nikajua. Kabla sijamaliza kuinuka, kile kitu kikaanza kutetemeka humo ndani, kanzu ikawa inacheza kama jani la mgomba. Wifi akafungua mato akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu maziko. Halafu panya akaamka sawasawa. Sikwambii. Akatoka kwenye mkono, akaingia kwapani, akazunguka mgongoni, na wifi wangu, mwanamke wa miaka yake, mwenye magoti yanayomuuma, alicheza chakacha chumbani mwa mjane mpaka nguo ya kichwa ikaangukia kwenye mtungi. Panya akadondoka, akakimbia ukuta hata ukuta, akaingia uvunguni, akatoka, akarudi. Nikamfunika kwa kikapu, nikamrudisha mkebeni. Ndizi nikampa, hakuigusa. Akajibanza kwenye kiota chake, juu ya ule waya, na ilipofika isha ile namba ilikuwa inashuka, inashuka, mpaka ikafuatana na ya ukuta.

Wifi alifurahi. Si nalikwambia, akasema, kiumbe kilikuwa kinakufa. Nikamweleza tena, safari hii bila miaka saba. Akaitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtoto anayekwambia ameona jini.

Kesho yake baada ya chai nilijilaza kidogo nikapitiwa. Kilichoniamsha ni sauti. Wifi alikuwa amepiga magoti nyuma ya mtungi, ana kitambaa alichokipasha moto kwenye mfuniko wa sufuria, ana na chupa ya simsim, anamsugua panya kwa ncha ya kidole kimoja, mgongoni, taratibu, na anasema, "Amka baba. Amka baba." Sauti ile naijua. Ndiyo aliyoitumia siku ile kitandani.

Panya aliamka, lakini siyo kama jana. Alitetemeka muda mrefu sana, akaacha, akaanza upya, kama injini ya boti iliyoingia maji. Hakukimbia. Alikaa pale pale, mato nusu, manyoya yamelowa mafuta, na nilipomsogezea ndizi aligeuza uso. Halafu akapoa. Nilipomtazama mgongo wake nikaona mfupa umejipanga chini ya ngozi kama ukili uliosukwa vibaya.

Hapo nilipaswa kukasirika. Niliitafuta hasira kwa dhati, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, napapasa hapa, napapasa pale. Haikuwepo. Nilichokuwa nacho ni kujua tu. Nilijua, kama ujuavyo kuwa maji yatakupwa, kwamba huyu akiamshwa tena kwa mkono wa mtu hatalala mara nyengine, atakufa, na yule msichana atafika na mkoba wake akute amekauka. Sikuogopa. Nikachukua mkebe nikauweka katikati ya miguu yangu iliyonyooshwa, juu ya sakafu ya baridi, nikaanza kusuka ukili wa mkeka juu yake. Mtu akitaka kumfikia apite kwenye mapaja ya mjane.

Wifi akakaa mbele yangu. Tukakaa hivyo siku nzima. Kila baada ya muda ananyoosha shingo.

"Yuwafa huyu."

"Hafi."

"Umemwona akivuta pumzi?"

"Nimemwona."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Hakucheka hata hapo. Akaenda akapika wali, akarudi, akanisogezea sahani, nikala, sikujua ni wali wa nazi au wa maji. Akaniuliza je miguu yangu haijashika baridi pale sakafuni, akaanza kuikanda, na mikono yake ikawa inapanda kutoka vifundoni kwenda magotini, na kutoka magotini inaelekea kwenye mkebe, polepole, kama paka anayejifanya anapita tu. Tulikuwa tunajuana miaka mingi mno kudanganyana. Vidole vyake vilipogusa mfuniko nikaushika mkono wake, kiganja chote, nikauweka chini.

"Wifi," nikamwambia, "ndugu yako ulimsugua mpaka ngozi ikamvimba. Kama kungekuwa na wa kuamka kwa mikono, angeamka kwa yako. Huyu mwache."

Sauti yangu ilitoka kavu, haina kitu, kama ninayemwagiza mtu chumvi. Pengine ndiyo maana aliisikia. Ningelisema kwa kilio angenikumbatia, akanikanda, na yale maneno yangelowa yakapotea.

Wifi alinitazama. Halafu akajikalia mikono yake, yote miwili, akaiweka chini ya mapaja kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyegombezwa na mwalimu, akaegemea ukuta. Hakusema tena kuwa anakufa. Nami sikusema kuwa hafi, maana kwa kweli sikujua.

Jua likazunguka nyumba. Mafundi juu walikuwa wamemaliza kona ile, wanafunga makuti upande wa pili, unasikia kamba inavutwa. Nikafungua mfuniko tumwone wote wawili bila kugusa. Alikuwa pale, mkia usoni. Tukawa tunangoja pumzi. Akivuta moja, wifi naye anavuta moja. Baina ya pumzi na pumzi ungeweza kwenda Shela ukarudi kwa miguu, ukanunua na halua.

Alasiri ilipolegea, kabla ya magharibi, wifi ndiye aliyeona kwanza. Ana jicho la hivyo vitu. Akasema pumzi zimekaribiana. Nikaangalia kioo, namba imepanda kidogo, na ya ukuta haijapanda. Masharubu yakacheza. Halafu mabega yakaanza kutetemeka, mabega tu na shingo, mtetemo mdogo mno kama wa simu iliyozimwa sauti, na nyuma kote kumekufa vile vile, miguu imelala kama si yake. Namba ikapanda tena.

"Kichwa kimetangulia," wifi akasema kwa kunong'ona. "Vyema. Kichwa kikitangulia ni vyema."

Mikono yake ilitoka chini ya mapaja. Ikasimama hewani juu ya mkebe, imekunjwa vile vile inavyopokea mtoto, ikakaa pale. Nikaitazama. Sikuishika. Akairudisha mwenyewe. Akaanza kumwambia panya taratibu, taratibu, sukuma, pumzika, una wakati, hakuna anayekufukuza, maneno anayowaambia wanawake wote wa Kipungani, na safari hii maneno matupu, bila kidole. Mtetemo ukashuka kwenye mbavu. Ukafika kiunoni. Mguu mmoja wa nyuma ukanyooka. Tungeweza kupika sufuria ya wali ikaiva, ndivyo ilivyochukua. Namba ilipoacha kupanda, mkia ukaondoka usoni, akafungua mato yake ya wanja, akapiga mwayo mkubwa kuliko kichwa chake, akakaa, akajifuta yale mafuta ya simsim masikioni kama aliyeamkia nyumba ya watu wachafu, akaichukua ndizi kwa mikono miwili akala.

Wifi akalia.

Hakulia kama watu wanavyolia. Alitoa sauti hata mafundi juu ya paa wakaacha kamba. Alimwita ndugu yake kwa lile jina la utotoni, akapiga sakafu kwa viganja, akalia tangu alipozaliwa yule ndugu mpaka alipozikwa, kwa mpango, hajaruka hata homa ya surua. Sauti ikatoka nje, na nje ilikuwa ikisubiriwa. Majirani wakaja mbio, wengine wamebeba viatu mkononi, mmoja ana unga wa chapati mpaka viwikoni. Nikawasikia ndiani wakiambizana, kalia, mjane kalia, alhamdulillahi. Wakaingia wote kwa mpigo, wakatukuta: wifi kifudifudi, na mie nimekaa nimenyoosha miguu, mato makavu, baina ya miguu yangu panya anakula ndizi.

Kwa kweli walivunjika moyo. Mmoja aliniangalia mpaka nikamwonea huruma, nikataka nimpe angalau kwikwi moja asirudi nyumbani mikono mitupu. Nilijaribu. Nilifinya mato. Nilimwazia marehemu, kanzu yake msumarini, sahani yake, sauti yake akiuliza chumvi iko wapi katika nyumba aliyoishi miaka yote hiyo. Niliyaona yote, yamejipanga, na hakuna hata kimoja kilichonigusa. Wakamzunguka wifi. Wakamwinua, wakampa maji ya mtungi, wakampepea. Panya akamaliza ndizi, akaniangalia, akaomba kwa mato, nikampa kipande chengine.

Msichana alirudi siku ya pili yake, mvuke wa bahari kwenye miwani. Nikamwambia kila kitu, kifua na simsim na kitambaa cha moto, na nikamwambia pia alivyoamka mwenyewe. Safari hii sikuongeza neno, maana nilikuwa namwona anavyoukamata mkoba. Alimpima kwenye mizani yake ndogo, akampima tena. Akasema amepungua mno, lakini yu hai, na akila vizuri siku chache atapona. Kisha akaangalia zile namba kwenye kidude, akakaa sakafuni pale pale na viatu vyake. Zilikuwemo. Kidude kimekaa nazo zote, na kule kupanda kwa mara ya tatu, alisema, kulikuwa laini kama mstari wa wimbi, hakuna mkono ndani yake.

Alimwomba wifi amsimulie. Wifi akamsimulia mabega kwanza, halafu mbavu, halafu kiuno, akionyesha kwa mikono yake mwilini mwake mwenyewe, na yule msichana akauliza maswali ya kweli, na wifi akajibu kwa heshima zote, kama mkunga anayemjibu mkunga mwenzake. Mato yake yalikuwa yamevimba lakini uso umekaa mahali pake.

Siku tatu nne panya alikula ndizi na nondo na panzi kwa gharama ya nyumba, akajaa. Msichana akamtoa kwenye mkebe jioni moja, akapanda ukuta wa jikoni, akaingia kwenye makuti mapya, na hilo ndilo la mwisho kumwona.

Kesho yake asubuhi wifi akakunja shuka zake. Alisema kuna mja mzito karibu na kwake ambaye siku zake zimewadia, naye hawezi kuwa mbali. Mja mzito yule alikuwa na miezi mitano, hata mie nilijua. Akavaa buibui, akasimama mlangoni akichezea ufunguo.

"Utaweza kulala peke yako?"

"Nitaweza."

"Ukitaka kitu utanipigia?"

"Nikitaka."

Akanitazama miguu, nikaona mikono yake inataka kuanza. Akaitia ndani ya buibui, akanitolea salamu, akaenda. Nikaisikia ndara yake mpaka kona ya msikiti.

Nyumba ikawa kimya. Si kimya cha kutisha, ni kimya tu, kama nyumba. Nilikaa nikangoja nione kama nitasikia chochote moyoni, nikangoja sana, halafu nikachoka kungoja. Nikavuta mkeka mpaka kwenye ukuta wa ndani, penye baridi, nikajilaza ubavu, nikakunja magoti. Mchana ule wote hakuna aliyekuja kuniamsha.